Naomba ushauri: gari nimemaliza kulilipia, nitengeneze au niuze?

Habari zenu wakuu. Nina gari la mwaka 2012, la petroli, gia otomatiki, limeshatembea kilomita 218,000. Mkopo wake nilimaliza mwaka jana, na kukaa bila rejesho la kila mwezi kumenipa pumzi kwelikweli.

Tatizo ni gia. Asubuhi nikiweka D (gia ya kwenda mbele) linakaa kama sekunde 2 bila kuvuta, halafu linashtuka ndipo linaondoka. Likishapata moto linatulia. Nimebadilisha oili ya gia na filta, nikapata nafuu ya wiki 3 tu. Fundi wa kwanza anasema gia boksi ifunguliwe yote, wa pili anasema ni valvu tu, zile zinazoongoza oili ndani ya gia boksi. Kuifungua kunakaribia nusu ya bei ya gari lenyewe likiuzwa leo. Ila injini hailambi oili, bodi haina kutu, na watoto wangu wote wawili niliwatoa hospitali kwa gari hili.

Mliopitia haya, kuna kipimo gani cha kujua kama ni valvu au gia boksi imechoka kabla halijafunguliwa? Na mngekuwa nyinyi, mngetengeneza, au mngeuza hivi hivi mkijua jingine ni mkopo upya?