Naomba ushauri: nikate khanga za marehemu mama nishonee mfarishi wa viraka?

Upepo wa Ziwa

Habari zenu wapendwa. Niko Nyegezi, Mwanza. Tangu mwaka jana nashona mifarishi, yaani mashuka mazito ya viraka, nyumbani, jioni nikishatoka kazini. Siuzi, napenda tu. Fundi wa jirani ananiwekea vipande vya vitenge vinavyobaki, mimi nachambua rangi, nakata, naunganisha kwa cherehani ya kukanyaga.

La kwanza nilimaliza mwezi wa pili. Likiwa kitandani lilipendeza, kila aliyeingia chumbani aliligusa. Nikalifua, na hapo ndipo kazi ikaharibika. Kitenge chekundu kilichuja rangi juu ya viraka vyeupe. Pamba niliyoweka katikati ikajikusanya mabonge mabonge upande mmoja, na ni pamba aliyonipa shangazi yangu wa Misungwi, tukakaa siku mbili tunaitoa mbegu kwa mkono. Pembe za viraka nazo, ambazo tangu mwanzo hazikukutana, zikapinda zaidi.

Hayo ningevumilia. Ila sasa nataka kushona la pili, na hili si la kujifunzia. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita akaacha sanduku la khanga. Binti yangu ana miaka tisa, ndiye aliyekuwa analala na bibi yake. Kitanda chake ni nne kwa sita. Nataka ajifunike khanga za bibi. Lakini nikishika mkasi mkono unakataa. Kuna doti moja imeandikwa WEMA HAUOZI, mama aliivaa siku aliyokuja kunipokea hospitali na huyu mtoto. Nikikata viraka vya inchi sita, maneno yatabaki "WEM", "AUO". Naona kama namkatiza mama akiwa anaongea.

Nisaidieni kote kuwili, ushonaji na hizi khanga.

Fundi wa Mabatini

Pole kwa msiba, dada yangu. La khanga nawaachia wengine, mimi niseme kuhusu pembe.

Viraka havikutani kwa mambo mawili. La kwanza ni kipimo cha kukatia. Ukitumia boksi, ukingo wake unalika kila unapopitisha chaki, na kiraka cha themanini hakilingani tena na cha kwanza. Nenda kwa seremala akukatie kibao chembamba cha inchi sita na nusu kila upande.

La pili ni mshono. Kiraka cha sita na nusu kinaliwa robo inchi kila upande, kinabaki sita. Robo inchi ni kama milimita 6. Mshono ukila milimita moja zaidi kila upande, kiraka kimepungua milimita 2, na mstari wa viraka tisa umepungua karibu sentimita 2. Mstari unaofuata ukiupatia sawasawa, hiyo mistari miwili haitakutana hata uivute. Bandika plasta kwenye bati la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, na ukingo wa kitambaa utembee ukigusa hiyo plasta. Usikadirie kwa macho, hata mimi sikadirii.

Ukishashona mstari, piga pasi kwa kuibonyeza na kuinyanyua. Ukiisugua unavuta kitambaa. Mishono ya mstari wa kwanza ilalie kulia, ya mstari wa pili ilalie kushoto. Ukikutanisha mistari utasikia kwa vidole mishono ikikabana, hapo ndipo pembe ilipo. Toboa pini, shona.

Binti Ukerewe

Dada, rangi dawa yake ni chumvi. Loweka kitenge kwenye maji ya chumvi usiku kucha, hakichuji tena. Mama yangu ndivyo alivyofanya miaka yote.

Mpika Batiki

Mdogo wangu Ukerewe, nakuheshimu wewe na mama, ila kazi yangu ni rangi na hapa lazima niseme. Chumvi tunaweka kwenye beseni wakati wa kutia rangi, inasaidia rangi kuingia kwenye pamba. Kitambaa kikishatoka dukani, chumvi haizuii rangi kutoka. Kinachosaidia ni kuondoa ile rangi ya ziada kabla hujashona. Fua kila kitambaa peke yake kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka maji yawe meupe. Halafu kilowanishe, kiweke juu ya kitambaa cheupe, piga pasi. Cheupe kikipata doa, rudia kufua. Ukirudia mara tatu na bado kinachuja, kiache, usikionee huruma hata kama ni kizuri.

Kufua kabla ya kukata kuna faida nyingine. Pamba inarudi, yaani inapungua ikifuliwa mara ya kwanza. Ukichanganya kitambaa kilichokwisha kurudi na kipya, shuka litajikunja lenyewe siku ya kufua.

La kwanza lisikukatishe tamaa, Upepo. Liloweke kwenye maji mengi ya vuguvugu na sabuni, saa nyingi, ubadilishe maji yakipata rangi. Doa likishakauka halitoki kirahisi lakini linaweza kupungua. Jiki usiiguse, itakula na rangi unazozipenda.

Mama Buswelu

Pamba ya shangazi ni nzuri kwa mto. Kwenye shuka, pamba isiyosokotwa inahitaji kushonwa kwa mistari ya karibu karibu mno ndiyo itulie, vinginevyo maji yanaisukuma kona moja. Mimi natumia blanketi jepesi la mtumba. Nenda Mlango Mmoja asubuhi, tafuta blanketi lililochakaa kidogo, hilo limeshafuliwa mara nyingi na halirudi tena. Hata shuka la flana linatosha, huku kwetu si Njombe.

Kabla ya kushona, tandaza matabaka yote matatu sakafuni, yanyooshe kuanzia katikati kwenda nje, kisha piga bandi, yaani mishono mirefu ya kuyashikilia kwa muda, kila baada ya kiganja. Watu wengi wanaruka hii hatua ya bandi, halafu wanalalamika chini kumejikunja. Cherehani ikishindwa unene, acha kushona mistari, funga mafundo: pitisha sindano yenye uzi mnene chini, irudishe juu, funga fundo mara mbili. Weka fundo kila pembe ya viraka inapokutana.

Na usilitundike likiwa limelowa kwenye kamba moja, uzito wa maji unavuta mishono. Lilaze juu ya kamba mbili au tatu. Lianue kabla ya jioni, maana wale wadudu wa ziwani wakija kama moshi watajaa kwenye shuka, na ukiwapangusa wanaacha alama.

Mzee wa Igogo

Binti yangu, mimi nasema kata. Khanga ndani ya sanduku inaliwa na mende na ukungu. Marehemu mke wangu aliacha zake, tukaziheshimu mpaka zikaoza. Mtoto akijifunika, hata kipande, bibi yake yupo.

Mpwani

Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kwa adabu. Khanga ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Jina likikatwa, kilichobaki ni kitambaa chenye maua. Kwetu Tanga bibi zetu walikuwa na mifarishi, na khanga yenye neno zito haikuguswa.

Mama Buswelu

Mbona mnabishana kana kwamba njia ni mbili tu? Mfarishi una juu na una chini. Doti ya WEMA HAUOZI iweke nzima chini, upande wa mtoto, mwilini. Juu ndipo uweke viraka vya zile khanga zilizochanika.

Nimepiga hesabu. Khanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Ukiunganisha mbili za doti kwa upande mrefu unapata karibu 150 kwa 220. Kitanda cha nne kwa sita ni karibu 122 kwa 183. Juu weka viraka tisa kwa kumi na tatu, jumla 117, utapata inchi 54 kwa 78, sawa na 137 kwa 198. Chini kutazidi juu kidogo pande zote, na ndivyo inavyotakiwa. Ile ziada usiikate. Ikunje kuja juu mara mbili, ishone, pindo la khanga linakuwa ukingo wa mfarishi. Mkasi haugusi doti hata mara moja.

Sindano na Uzi

Mama Buswelu, hapo umenigusa. Niongeze kitu kwa ambao hawana cherehani. Kuna Wasidi, watu wenye asili ya Afrika wanaoishi Karnataka, India. Wanawake wao wanashona mifarishi ya nguo kuukuu kwa mkono, wanaiita kavandi. Hawaunganishi viraka kwanza. Wanatandaza kitambaa cha chini, wanaanzia ukingoni, wanaweka kiraka na kukishona hapo hapo, wakizunguka kuelekea katikati. Mshono ule ule unashika kiraka na matabaka yote. Kwenye pembe nne wanaweka vitambaa vilivyokunjwa, vinaitwa phula, yaani maua, na bila hayo mfarishi kwao bado uko uchi.

Upepo, kwa njia hii viraka si lazima vilingane. Khanga iliyochanika unaweza kuikata kwa kufuata maneno yake, ukapata ukanda mrefu wenye jina zima, ukaushona ukingoni. Hata zile zilizochakaa zitaendelea kusema.

Upepo wa Ziwa

Wabeja sana, wote. Mzee wa Igogo, pole sana kwa mama, shikamoo. Nimesoma maneno yako nikaenda kufungua sanduku usiku huo huo. Khanga mbili za chini zimeshaanza madoa ya ukungu, kwa hiyo ulichosema ni kweli tupu.

Nimefanya hivi. Doti nimeifua na kuiunganisha nzima kama alivyosema Mama Buswelu. Zilizochanika nimezitandaza na binti yangu sakafuni, nikamwachia achague. Amechagua zenye bluu, anasema bibi alikuwa anavaa bluu akienda Kirumba kununua dagaa. Mimi sikukumbuka hilo kabisa. Majina yake tumeyakata mikanda mirefu kama alivyoshauri Sindano na Uzi, yatazunguka ukingoni mwa sehemu ya juu, viraka vikae ndani yake.

Swali moja limebaki kwa Fundi. Mikanda ya majina ina upana tofauti, mingine inchi tatu, mingine nne. Niilinganishe kwa mkasi?

Fundi wa Mabatini

Usiikate. Yenye tatu iongezee ukanda wa kitambaa cheupe upande wa ndani, ukikumbuka robo inchi ya mshono kila upande, mpaka yote ilingane na ile ya nne. Halafu ondoa safu moja moja ya viraka pembeni ili vipimo vya juu visizidi doti. Tumia sindano namba 14. Ukifika kwenye kona, simamisha sindano ikiwa chini, nyanyua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, endelea.

Na maneno yaelekee kichwani, mtoto ayasome akiwa amelala.