Mjadala: Paa la kuficha, unalipenda kweli au umeambiwa ndiyo kisasa?

Upenu
Wakuu, siku hizi ukimwambia mchora ramani "nataka nyumba ya kisasa" anakuletea paa la kuficha: bati limelala nyuma ya parapeti, yaani ukuta mfupi unaopanda juu ya kuta za nyumba, nje unaona boksi tu. Hoja yangu ni kwamba wengi hawalipendi paa hilo, wanaogopa tu kuambiwa wamejenga kizamani.

Fanya jaribio hili. Chukua picha iliyokuvutia, funika paa kwa kiganja, tazama kilichobaki. Kama bado unaipenda, basi ulichokipenda ni madirisha mapana, rangi ya kijivu iliyokolea na kuta zisizo na mapambo, na vyote hivyo vinakaa vizuri chini ya paa la kawaida lenye upenu wa sentimeta 60. Picha ikifa ulipofunika, basi unalipenda paa lenyewe. Ligharamie.

KenchiNaPapi
Mkuu Upenu, hapo unalionea. Chukua nyumba ya mita 12 kwa 12. Paa la kusimama la nyuzi 25 lenye upenu huo wako linakula bati mita za mraba kama 192. La kuficha la nyuzi 5 linakula 145 hivi, na kenchi zake (fremu za mbao zinazobeba bati) ni fupi, mbao zinapungua. Kwa mwenye bajeti ndogo hiyo ni hesabu, si fasheni. Halafu pwani kuna upepo: upenu mrefu ndio unaoanza kung'olewa, bati lililo nyuma ya ukuta limetulia.

Tofali6
Kaka, hesabu umeiachia njiani. Nyuzi 5 ni kupanda sentimeta 9 hivi kila mita, kwa hiyo mteremko wa mita 6 unapanda 52. Ongeza kina cha gata, yaani mfereji wa maji ya mvua, 20, na 15 za kufunika mgongo wa paa. Parapeti imefika sentimeta 87, yaani kozi (mistari) nne za tofali la inchi 6. Kuzunguka nyumba ni tofali kama 100 kila kozi: 400. Piga plasta pande zote mbili, karibu mita za mraba 96, na nguzo ndogo za zege za kuishika isipasuke. Bati ulilookoa umelilipa kwa saruji.

Boriti
Mnazungumza kana kwamba paa bapa limekuja na picha za simu. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe Zanzibar zilikuwa nalo: boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na sakafu ya chokaa iliyopondwa. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na ubaridi uliletwa na kuta nene za nusu mita hivi. Hata hivyo mvua ilisumbua, ndiyo maana leo unaona mapaa mengi ya namna hiyo yameezekwa mabati au makuti kwa juu. Ukilipenda hujaiga ugenini. Ila wazee hawakulijenga kwa ukuta wa inchi 6 na bati jembamba.

Mwenye_Vyumba
Na nyumba ya kupangisha je? Mpangaji anachagua kwa picha. Huko ladha yangu haina kazi.

Upenu
Dada, huko ndiko usiliweke kabisa. Gata lazima lisafishwe kabla ya masika na kabla ya vuli, na mpangaji hapandi juu. Majani machache ya mwembe yakilala kwenye mdomo wa bomba, maji yanarudi chini ya bati. Mpangaji anaanza kuona duara la rangi ya chai kwenye dari ya jipsamu, pembeni kabisa mwa chumba, kisha ubao unalegea. Na joto: dirisha la magharibi lisilo na upenu linapokea jua kuanzia saa tisa alasiri, na mvua ya upepo inalowesha fremu. Aliyevutiwa na picha atahama.

KenchiNaPapi
Kinachovuja ni ufundi. Mvua ya milimita 50 kwa saa juu ya mita za mraba 144 ni lita 7,200, sawa na lita 2 kila sekunde. Bomba moja la inchi 4 linaweza kuyapitisha, ila likiziba huna lingine. Weka mawili kila upande, na tundu la dharura linalotoboa parapeti chini kidogo ya ukingo wa gata, ili bomba likiziba maji yamwagike nje na wewe uyaone. Gata liwe na upana wa sentimeta 40, mguu uingie wakati wa kusafisha, na literemke sentimeta 1 kila mita. Bati liwe geji 28, kipande kimoja kutoka kileleni hadi kwenye gata, skrubu zenye mpira zipigwe mgongoni. Flashingi, kipande cha bati kinachofunika kiungo cha paa na ukuta, ichimbiwe ndani ya ukuta kabla ya plasta. Wanaoibandika kwa silikoni tu ndio wanaolichafulia paa hili jina, maana jua likiipiga inabanduka. Juu ya parapeti weka kofia ya zege inayoinamia ndani na kutokeza sentimeta 5 kila upande, la sivyo maji yanashuka ndani ya plasta na rangi inavimba.

Lenta_Tayari
Nyumba imefika lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha) na ramani ina gata la katikati, juu ya sebule. Je, kuna kubadili?

Tofali6
Kupo ndugu yangu, kwa sababu kenchi bado hazijapigwa. Geuza miteremko itazame nje, magata yakae juu ya kuta za nje. Sebule iepukane na maji.

KenchiNaPapi
Hapo nakubaliana na Tofali6 moja kwa moja. Na kabla fundi wa jipsamu hajaingia, ziba mabomba, jaza gata maji sentimeta 10, acha saa 24. Asubuhi pita chini na tochi ukague kila kiungo. Fundi asilipwe salio mpaka pakauke.