Ushauri: Saladi za haidroponiki zinalala umeme ukikatika, nibadili mfumo?

Paa la Tabata
Wakuu, habari za mihangaiko. Nalima saladi juu ya paa bila udongo, kwa mabomba ya PVC yaliyotobolewa. Pampu inasukuma maji ya virutubisho, yanapita kama utando mwembamba chini ya mizizi, kisha yanarudi kwenye ndoo. Tatizo ni umeme. Ukikatika saa saba mchana, alasiri haijaadhiniwa majani yote chali. Na sasa kuna mizizi imekuwa ya kahawia na inateleza. Jirani anasema ninunue betri, mwingine anasema nihamie umwagiliaji wa matone. Hela iliyobaki ni laki mbili na ushee, na nataka kuongeza nyanya. Nisaidieni kabla sijaitoa.

Kokoto
Mkuu, betri itaokoa pampu, mizizi haitaiokoa. Kahawia na utelezi ni kuoza, na hapo mshukiwa wa kwanza ni maji ya moto. Maji yakipata joto oksijeni inapungua: kwenye nyuzi 20 lita moja inashika kama miligramu 9, kwenye 30 inabaki kama 7.5, na vimelea vya Pythium vinapenda hali hiyo. Chovya kipimajoto kwenye ndoo saa nane mchana. Kikisoma karibu na 30, tafuta kivuli kwanza, betri baadaye.

Mama Letasi
Kwa saladi achana na pampu kabisa. Tumia njia ya Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Chukua beseni lenye mfuniko, toboa, tumbukiza vikombe vyenye matundu, jaza maji yenye virutubisho mpaka yaguse vitako vya vikombe. Basi. Mche unakunywa, maji yanashuka, mizizi ya juu inabaki hewani ikipumua, ya chini inaendelea kunywa. Yakipungua sana ongeza kidogo tu, usirudishe hadi juu. Ukiizamisha ile mizizi ya hewani, mmea unanyauka na maji yapo tele, watu wanadhani ni ugonjwa. Tenga angalau lita 4 kwa mche, kwa joto letu zaidi. Beseni lipake rangi nyeupe nje, na mwanga usipenye ndani, mwani utaota. Upenyo wowote uzibe, la sivyo utafuga mbu wa mtaa mzima.

Jembe Halimtupi Mkulima
Yaani mchicha wa kwenye udongo umewakosea nini? 😂

Paa la Tabata
Mkuu, nimepanga, udongo nitautoa wapi? Mama Letasi nimekupata. Nyanya nazo?

Kokoto
Nyanya ni mlafi, hiyo ya beseni utachoka kuongeza maji. Weka ndoo za makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa vizuri, maana yanakuja na chumvi. Pandisha pipa kwenye stendi ya mita moja hivi, shusha mipira ya matone, maji yateremke yenyewe. Umeme ukatike usikatike, nyanya haijui. Mwagilia kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na kila mara acha kiasi kichuruzike chini kiondoe chumvi. Chujio usisahau, matundu ya matone yanaziba kwa upuuzi tu.

Mama Letasi
Maji unatumia ya wapi?

Paa la Tabata
Kisima cha mwenye nyumba. Yana ukali kidogo wa chumvi.

Mama Letasi
Ungeanza na hilo! Yapime EC, yaani wingi wa chumvi na mbolea iliyoyeyuka majini, kabla hujatia chochote. Saladi inataka mchanganyiko wa 1.2 hadi 1.8 hivi. Kisima chenyewe kikisoma 1.5, nafasi ya mbolea imeshaliwa na chumvi, ubadili mfumo usibadili. Kinga mvua za masika kwenye bati, uchanganye nayo. pH, yaani uchachu wa maji, iwe kati ya 5.5 na 6.5.

Kokoto
Na ukikoroga mbolea nzito ya maji mwenyewe, kalsiamu naitreti ikae dumu lake, magnesiamu salfeti na zenye fosfeti dumu lingine. Zikikutana zikiwa nzito zinaganda unga mweupe chini, na hela yako imelala humo. Zikutanishe kwenye pipa lililokwisha kujaa maji.

Paa la Tabata
Kipimo cha EC Kariakoo nitakipata kwa shilingi ngapi?