Ushuhuda wa uponyaji usingoje kipimo cha makohozi?

Mwana wa Ujiji: Wakuu, juzi kwenye mkutano wa maombi hapa Mwanga, Kigoma, kijana alipanda jukwaani akamwaga vidonge vyake vya TB chini, akasema kifua kimepona. Vigelegele uwanja mzima. Namfahamu, yuko mwezi wa pili na dozi ni miezi 6. Mimi ni muumini, sipingi maombi. Kwa nini mtu asipimwe makohozi kwanza ndipo ashuhudie?

Nesi Kasulu: Mwezi wa pili ndipo wengi wanapotuponyoka. Kikohozi kimepungua, jasho la usiku limekata, mtu anakula ugali wake vizuri, anaona kapona. Wadudu bado wamo. Akiacha hapo wanaweza kurudi wakiwa sugu, na anaambukiza nyumba nzima. Lakini watu wetu wa Kigoma ukiwaeleza hawaelewi, wamezoea waganga.

Muha Halisi: Dada, Loliondo iko Kigoma? Mwaka 2011 magari yalipanga foleni hadi kijiji cha Samunge huko Loliondo, Arusha, watu wakanywe kikombe cha dawa ya miti cha Babu Ambilikile kwa shilingi 500, na vigogo wa serikali wakiwemo. Wale nao Waha, kabila letu la Kigoma? Kila kikitajwa kitu cha uganga, sisi tu.

Nesi Kasulu: Sijatukana kabila la mtu. Na hao wa kikombe, wapo walioacha ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, wakarudi hospitali hoi. Hilo mbona hulisemi?

Mtoto wa Kibirizi: Mnagombania Uha bure, shida iko mapokezi. Mama alimkimbiza mjukuu mwenye degedege kwenye zahanati moja, siitaji. Mtoto amekakamaa, macho yamegeuka. Muuguzi kaona hirizi shingoni, akasema mbele ya foleni nzima, "Mmemaliza kwa mganga ndiyo mnatuletea maiti?" Mtoto alipona, ilikuwa malaria. Mama hajakanyaga pale tena. Mganga humkalisha mkekani, humuuliza habari za nyumbani, humsikiliza mpaka amalize.

Nesi Kasulu: Pole kwa mama, kaka. Ila na wewe kaa zamu ya usiku peke yako na wodi imejaa, halafu uletewe mtoto aliyeshinda kwa mganga kutwa. Mimi hirizi siigusi. Naweka dripu, hirizi inabaki shingoni.

Mzee wa Nguruka: Wanangu, msidharau majani. Dawa mseto ya malaria imetokana na mmea wa pakanga wa Wachina, na mwanasayansi wao Tu Youyou alipata Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Hata hapa kwetu tiba asili ina sheria yake tangu 2002.

Mwana wa Ujiji: Shikamoo mzee. Pakanga ilipimwa maabara ndiyo ikawa dawa. Mimi naulizia jukwaa la maombi, ambako hakuna anayepima.

Mtoto wa Kibirizi: Apimwe wapi, pale atakapotukanwa?

Nesi Kasulu: Kaka, si wote tunatukana! Mlete mama kwangu, nitampokea mwenyewe.

Muha Halisi: Mzee shikamoo. Na kijana wa TB mfuateni nyumbani leo, arudishiwe dozi, maombi aendelee nayo. Ila dada nesi, ile kauli ya "watu wetu wa Kigoma" bado hujaifuta.