MREJESHO: Mafunzo ya roboti na programu kwa walimu wa msingi

Wakuu, nilileta uzi nikiuliza nianzie wapi kuwafundisha walimu wenzangu 12 roboti na kuandika programu, shule haina intaneti. Ahsanteni sana!

Nilifuata ushauri wa kuanza bila kompyuta. Mwalimu mmoja akawa roboti, mwenzake akamwamuru: hatua tatu mbele, geuka kulia. Akagonga meza. Hapo wote wakaelewa kuwa mashine hufuata ulichosema, si ulichokusudia.

Scratch (programu ya kujifunzia kuandika programu kwa kuunganisha vipande vya amri) niliyoibeba kwenye flashi ilikubali kwenye kompyuta zote. Kwenye micro:bit (kikompyuta kidogo cha kufundishia, chenye taa 25) tulikwama: waya mmoja ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi data, hivyo programu yetu ya kuwasha taa hizo iliingia kwenye kifaa kimoja tu kati ya viwili. Jaribuni nyaya mapema.

Walimu wanne bado kitanzi cha kurudia (amri ya kurudia hatua zilezile) kinawasumbua. Jumamosi tunakirudia kwa kucheza mdako.