Naomba ushauri: ukungu wa madirisha kwenye Linux Mint, RAM GB 4

Habari zenu wakuu. Laptop yangu ni ya zamani, naendesha Linux Mint (mfumo endeshi) yenye eneo-kazi jepesi la Xfce. Wiki hii nimeipamba hadi usiku wa manane: aikoni za Papirus, Plank (upau wa programu) chini, Conky (kidirisha cha taarifa) pembeni ikionyesha saa na joto la CPU. Picha ya nyuma ni jahazi nililolipiga picha mwenyewe Forodhani, naipenda mno.

Kimebaki ukungu (blur) nyuma ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Xfwm4, kisimamizi cha madirisha cha Xfce, haina uwezo huo, kwa hiyo nilizima kompozita yake (sehemu inayoweka vivuli na uwazi) nikaweka nyingine, picom, kwa xrender, moja ya njia zake za kuchora. Ukungu umekuja, ila video zinakatakata.

Nihamie glx (njia yake nyingine, inayotumia OpenGL ya kadi ya picha), au kwa mashine hii nibaki na uwazi tu? Mwenye faili la mipangilio linalokubali kwenye Intel ya zamani naomba anisaidie. Ikitulia nitawawekea picha ya skrini.