Tumepigwa Amsterdam: nyumba ya mferejini, kodi ya mkononi, na mama mkwe akishuhudia

Wakuu, nina hasira na ninaandika nikiwa nazo hivyo hivyo, mnivumilie.

Mama mkwe katoka Tanga kuja kumsalimia binti yake hapa Düsseldorf, Ujerumani. Kabla hajarudi, mke wangu akasema tumtoe wikiendi moja akaone mifereji ya Amsterdam, kwa treni ni saa mbili na ushee tu. Tukapata nyumba kwenye tovuti moja ya kupangisha (jina silitaji, bado tunaandikiana nao). Tangazo linasema nyumba ya kale, chumba kinatazama mfereji, inafaa familia na wazee. Wazee wametajwa kabisa, picha ya skrini ninayo.

Sasa fungua mlango. Unapokelewa na ngazi iliyosimama karibu wima. Kule kwenye mifereji ya Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht nyumba nyingi zilijengwa karne ya 17 kwenye viwanja vyembamba, kwa hiyo ngazi ilibanwa isile nafasi. Kidato hakitoshi unyayo mzima. Kishikio hakuna, kuna kamba imening'inia ukutani. Wenyewe wanaijua shida hiyo, ndiyo maana mbele ya nyumba, juu kabisa, kuna boriti yenye ndoano: makabati na vitanda vinavutwa kwa nje na kuingizwa dirishani mpaka leo. Mama mkwe naye nimfunge kamba?

Na mliooa mtanielewa: nani anatangulia? Akitangulia yeye, mimi mkwe siwezi kuwa nyuma yake nikitazama juu. Nikitangulia mimi, akiteleza nani anamdaka? Tulisimama pale chini na mabegi tunatazamana. Mwishowe mke wangu akakaa nyuma ya mama yake, mimi nikabaki nje mpaka nilipoitwa. Ghorofa ya tatu hiyo. Usiku Mama kakanda magoti kwa maji ya moto, na kila nikiuliza hali ananijibu "sijambo baba, nyumba nzuri". Dirisha la kutazama mfereji linatazama ukuta na mapipa ya taka ya jirani.

Jamaa wa funguo ndiye kanimaliza. Kabla hajatukabidhi anasema kuna kodi ya utalii, tumpe pesa taslimu. Nikamwambia nimeshalipa kila kitu mtandaoni. Akasema hiyo ni bei ya nyumba, kodi ni mbali. Kodi yenyewe siipingi, ni asilimia 12.5 ya bei ya malazi tangu 2024, jiji limetangaza wazi. Lakini kwa sheria za walaji za Umoja wa Ulaya, gharama ambayo mteja hana namna ya kuikwepa inatakiwa iwemo kwenye bei anayoonyeshwa tangu mwanzo, siyo aikute mlangoni akiwa na mizigo. Nikaomba risiti, hana. Nikasema basi nilipie kwa kadi, hana mashine. Nikamwambia tutamalizana siku ya kuondoka.

Hapo mjue kwamba mjini kote pesa taslimu ni kama uchafu. Tramu hazipokei noti. Unagusisha kadi ya benki unapopanda na unaposhuka, kadi moja kwa mtu mmoja, huwezi kumgusishia mwenzio, kwa hiyo Mama tukamtafutia tiketi yake. Alikuwa amebadilisha euro zake Dar, amezikunja vizuri kwenye kibindo, anataka atununulie chai watoto wake. Mgahawa wa kwanza dada wa kaunta anaonyesha kibandiko: kadi tu. Wa pili vile vile. Mama akazirudisha kibindoni, akanyamaza.

Choo ndiyo usiseme. Wanaume wamewekewa vya bure kando ya mifereji, vile vya chuma cha kijani vilivyozungushwa, ukipita unaona miguu ya mtu. Wanawake watafute mgahawa au choo cha kulipia. Mama hawezi kuniambia mimi mkwe kwamba amebanwa, anamnong'oneza binti yake, binti ananiambia "tembea haraka", mimi nadhani wanataka kuwahi boti. Tumezunguka mitaa ile mpaka jasho linatutoka. Baadaye nikasoma kwamba kuna mwanamke aliyepigwa faini 2015 kwa kujisaidia njiani, 2017 akaenda mahakamani hapo hapo Amsterdam, na hakimu akamwambia angeweza kutumia vile vya wanaume. Hakimu mzima!

Nyumba ya Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyejificha humo wakati wa vita na kuandika shajara, hatukuingia. Tiketi ni mtandaoni tu, zinatolewa Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele. Hilo halina mjadala, nyumba ni ndogo na watu ni wengi. Lakini tangazo letu liliandika "hatua chache kutoka Anne Frank" utadhani ukishafika unapiga hodi.

Kilichomfurahisha Mama ni kivuko cha nyuma ya stesheni kuu kwenda Noord, ng'ambo ya maji. Bure kabisa, watu na baiskeli. Akauliza mara mbili kama kweli hatulipi, akasema hata Pangani tunalipa. Tulivuka na kurudi, tukavuka tena.

Sasa siku ya kuondoka. Nipo juu nashusha mabegi moja moja kwa ile ngazi, jamaa kaja kuchukua funguo. Kamkuta Mama mlangoni, kamwonyesha tarakimu kwenye simu. Mama katoa kibindo, kamlipa yote. Zile noti zilizokataliwa mji mzima zikapata mpokeaji. Nashuka nakuta mke wangu analia, jamaa ameshapotea na baiskeli yake, na mkwe wangu ananiambia "usijali baba, nimeshamaliza". Mimi ndiye niliyemwalika!

Nimewaandikia wale wa tovuti. Jibu lao: suala hilo ni kati yangu na mwenye nyumba. Hapo ndipo nilipoanza kuchimba. Amsterdam nyumba ya mtu ya kupangisha watalii lazima isajiliwe, na namba ya usajili ionekane kwenye tangazo. La kwetu halina namba popote. Nimewauliza namba iko wapi, kimya. Jana tangazo limeondolewa, lakini picha zote nilishahifadhi.

Nataka vitu viwili: pesa ya Mama irudi, na barua ya kumwomba radhi yeye, siyo mimi. Nimesikia kuna vituo vya Ulaya vya kusaidia walaji, ukiwa Ujerumani ofisi iko Kehl, na hawatozi kitu. Aliyewahi kupeleka kesi ya nyumba ya kupanga huko aniambie alianza na karatasi gani. Na wale wa "ungechukua hoteli", piteni tu kimya kimya.

Picha za ngazi naweka hapo chini, mjionee wenyewe.